Saiba ya mashine tano: programu zipi za bure za Windows niweke, na zipi niachane nazo?

MwenyeSaiba

Wakuu, habari za jioni. Nina saiba ndogo huku Kayole, Nairobi, mashine tano za HP ProDesk 600 G2 ex-UK: i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, Windows 10 Pro. Nne zina SSD ya GB 120, ya tano bado ina diski ya kuzunguka ya GB 500. Kazi ni zile mnazozijua: ritani za kodi za KRA, huduma za serikali za eCitizen, CV, kuprinti na kuskani.

Yanayonisumbua ni matatu. SSD zimejaa, moja imebaki na GB 3 na sioni kilichoijaza. Flashi za wateja zikichomekwa, folda zote zinageuka vishale vya njia ya mkato. Na ile ya tano inaganda dakika nzima, halafu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Nataka programu za bure na ndogo, maana intaneti hapa ni ya bando. Kuna fundi amenipa orodha yake: moja ya kusafisha rejista (ghala la mipangilio ya Windows), moja ya kutafuta draiva, na activator ya Office, ya kuitumia bila kulipia. Niweke hizo, au mna nyingine?

---

BitiNaBaiti

Mkuu, programu za huyo fundi ziache zote tatu mezani.

Activator ndiyo mbaya kuliko zote. Ili ifanye kazi inakutaka uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza, yaani unamfukuza askari ndipo unamfungulia mgeni lango. Mwishoni mwa 2021 ziligunduliwa nakala za KMSPico, activator ya aina hiyo, zilizobeba Cryptbot, kirusi kinachokwapua nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Kwako nywila hizo ni za iTax (tovuti ya kodi ya KRA) na eCitizen za watu wengine.

Draiva za ProDesk zitoe kwa HP wenyewe. Wana programu ya bure inaitwa HP Image Assistant: inasoma modeli ya mashine, inakupa orodha ya draiva na BIOS zilizopitwa na wakati, unachagua unazotaka. Dell wana Dell Command Update, Lenovo wana System Update. Zile za "tumepata draiva 37 mbovu" zinakuuzia hofu, na mara nyingine zinaweka draiva ya kadi ya sauti isiyo ya mashine yako.

Rejista haihitaji kufagiliwa. Ukifuta maingizo mia tano hutaona tofauti yoyote ya kasi hata ukipima kwa saa. Ukifuta moja lisilopaswa kuguswa, printa inapotea.

Sasa kabla sijataja zangu, kuna mtego kwenye neno "bure" ambao watu wa saiba huwapita. Programu nyingi ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu. WizTree, IrfanView, HWiNFO na Malwarebytes ya bure ziko kwenye kundi hilo. Saiba ni biashara, kwa hiyo leseni zake za bure hazikuhusu. Nitakazotaja hapa chini unaruhusiwa kuzitumia hata kwenye biashara.

Tuanze na nafasi. Chukua WinDirStat, inayoonyesha kilichojaza diski, toleo la 2 au jipya zaidi. Lile la zamani la 1.1.2 la mwaka 2007 linatambaa, na bado tovuti nyingi zinaligawa. Lifungue kama administrator, la sivyo halitaona ndani ya folda za watumiaji wengine. Chagua C:, subiri, kisha panga kwa ukubwa. Kwenye SSD ya GB 120 ya saiba tazama hasa haya:

`hiberfil.sys` kwenye mzizi wa C:. Hii ni nafasi ya kulalia ya mashine, kwa kawaida kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kwako ni zaidi ya GB 3. Mashine ya mezani haihitaji. Fungua Command Prompt kama administrator uandike:

`powercfg /h off`

Inatoweka papo hapo. Utakachopoteza ni Fast Startup, na kwenye SSD hutaimiss.

`Windows.old`, kama mashine iliwahi kupandishwa toleo. Usiifute kwa mkono, itakugomea kwa ruhusa. Tumia Disk Cleanup, bonyeza "Clean up system files", tia tiki "Previous Windows installation(s)".

Folda ya `WinSxS` itaonekana kubwa kupita kiasi. Sehemu ya ukubwa huo ni kiini macho, kwa sababu faili moja inahesabiwa mara mbili kupitia viungo. Usiiguse kwa mkono hata siku moja. Amri yake ni hii:

`Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup`

Kisha `AppData\Local\Packages`, ndani yake folda inayoanza na `5319275A.WhatsAppDesktop`. Wateja wakiunganisha WhatsApp kwenye mashine yako, picha na video zao zinabaki humo hata baada ya wao kwenda nyumbani. Na mwisho Downloads, ambayo dada mmoja humu bila shaka ataizungumzia.

Kutafuta faili weka Everything ya voidtools. Ni ya MB mbili hivi. Inasoma orodha ya faili ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) moja kwa moja badala ya kupekua folda moja moja, ndiyo maana jibu linakuja ukiwa bado unaandika. Jaribu `size:>500mb`, au `ext:mp4;mkv`, au `dm:today` kuona kila kilichobadilishwa leo. Mteja akisema "nilisevu lakini sijui wapi", hiyo ya mwisho inamaliza kesi.

Kuhusu bando: usipakue kitu kimoja mara tano. Kwenye mashine moja fungua Command Prompt utumie winget, kipakuzi cha programu cha Microsoft:

`winget download --id 7zip.7zip -d D:\Programu`

`winget download --id voidtools.Everything -d D:\Programu`

Weka herufi ya flashi yako badala ya D, kisha tembea nayo mashine hadi mashine. Winget inalinganisha alama ya kidijitali ya faili na ile iliyosajiliwa, kwa hiyo huangukii vitufe bandia vya "Download". Ikikataa amri ya `download`, toleo lako ni la zamani. Sasisha App Installer kwenye Microsoft Store. Ukiamua kupakua kwa brauza, andika anwani mwenyewe: 7-zip.org yenye kistari, voidtools.com, rufus.ie. Tangazo linalokaa juu kabisa ya matokeo ya utafutaji si lazima liwe la mwenye programu.

Na masasisho ya Windows: watu watakuambia uzime Delivery Optimization. Wewe mwenye mashine tano kwenye ruta moja fanya kinyume. Iwashe, uchague "PCs on my local network" pekee. Mashine moja ikishavuta sasisho, nyingine zinaweza kuchota vipande kwake badala ya bando.

---

Otis_KE

CCleaner ya kusafisha mashine je? Miaka yote tunaitumia na hakuna aliyekufa. Tena ina kitufe kimoja tu, mfanyakazi yeyote anaweza.

---

BitiNaBaiti

Otis, hicho kitufe kimoja ndicho kinanitia wasiwasi. Mwaka 2017 toleo la 5.33 lilitoka kwenye seva halali ya kampuni likiwa limeshatiwa kirusi, na sahihi ya kidijitali ikiwa safi. Likagawiwa kuanzia 15 Agosti hadi 12 Septemba, kompyuta milioni 2.27 zikalipokea. Hilo lilirekebishwa, silitumii kuwatisha watu leo. Hoja yangu ni kwamba ile ya bure ni ya nyumbani, na Windows yenyewe ina Storage Sense inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kugusa rejista. Kama lazima upate kitufe, BleachBit ni huria. Ila usitie tiki "Free disk space", itaandika juu ya nafasi yote tupu, ikuchoshe na kuichosha SSD.

---

DaktariWaFlashi

Nachukua la flashi, maana kila wiki linaulizwa na kila wiki linajibiwa nusu nusu.

Faili za mteja hazijapotea. Kirusi cha aina hii kinafanya mambo mawili: kinazipa folda halisi alama za kufichwa na za mfumo, kisha kinatengeneza faili za `.lnk` zenye majina yale yale. Mteja akibofya, skripti inaendeshwa kwanza, folda halisi inafunguka baadaye, naye haoni tofauti. Kuwasha "File name extensions" hakusaidii hapa, kwa sababu Windows huficha `.lnk` hata chaguo hilo likiwa limewashwa. Alama ya kuaminika ni kale kashale kwenye pembe ya chini kushoto ya ikoni.

Kosa la wengi ni kusafisha flashi kabla ya mashine. Flashi inatoka safi, inachomekwa tena, sekunde mbili imechafuka. Mashine kwanza.

Fungua Task Manager, tabu ya Details. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, "Select columns", utie tiki "Command line". Tafuta `wscript.exe`, ambayo ndiyo inayoendesha skripti kwenye Windows. Kwenye mashine ya saiba isiyo na skripti za ofisi hiyo haipaswi kuwepo kabisa. Kando yake utaona njia ya faili, mara nyingi iko ndani ya `AppData\Roaming` au `Temp`, ikiwa na jina la ovyo linaloishia na `.vbs` au `.js`. Andika njia hiyo mahali, kisha "End task".

Sasa fungua Autoruns, inayoonyesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, ya Sysinternals, ambayo ni mali ya Microsoft tangu 2006 na haihitaji kusakinishwa. Iendeshe kama administrator. Wengi huanza kwa kuwasha "Hide Microsoft Entries" ili orodha ipungue. Hapa usiiwashe bado: `wscript.exe` yenyewe imesainiwa na Microsoft, na hutaki ingizo linaloiita lijifiche chini ya jina hilo. Kagua tabu mbili, Logon na Scheduled Tasks, ukitafuta ile njia uliyoandika. Toa tiki tu, usifute. Zima, washa, angalia Task Manager tena. Isiporudi, ndipo unafuta ingizo pamoja na faili yenyewe. Mistari ya njano maana yake faili haipo tena, ni mabaki. Ya waridi maana yake faili haina sahihi inayothibitika, hiyo iulize maswali.

Baada ya hapo ndipo flashi, tuseme ni E:

`del E:\*.lnk`

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Hakikisha herufi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ukiiendesha hiyo ya pili kwenye C: utavua alama za ulinzi kwenye maelfu ya faili za mfumo, na hakuna amri moja ya kuzirudisha. Kisha fungua flashi. Wakati mwingine utakuta folda isiyo na jina. Jina lake ni herufi ya nafasi isiyoonekana, na kirusi kimehamishia kila kitu humo. Zitoe faili nje, skani kwa Defender, na mteja akikubali fomati flashi umrudishie zake.

Kinga inapita tiba, na kinga yenyewe si programu. Tengeneza akaunti ya kawaida isiyo ya administrator kwa ajili ya wateja:

`net user Mteja /add`

Kirusi kikiingia humo kinabaki ndani ya akaunti hiyo, na wewe unaweza kuifuta akaunti yote na kuiumba upya kwa dakika tano. Pili, zima AutoPlay, ile ya flashi kujifungua yenyewe. Tatu, zima kabisa mashine ya skripti:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f`

Tangu hapo `.vbs` na `.js` zikibofywa zinakataa kuendeshwa. Gharama yake: amri kama `slmgr /xpr` ya kuangalia uanzishaji wa Windows nazo zitagoma, kwa kuwa ni skripti za aina hiyo hiyo. Ukihitaji, rudisha 0 iwe 1, maliza, uizime tena.

Nikiwa bado kwenye flashi: kama unauza flashi hapo kaunta, zipime ukubwa halisi kwa programu ya H2testw kabla hujazipanga kabatini. Zile za "TB 2" za bei ya kutupa zinazozungushwa mjini huwa na chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Zinapokea faili kwa furaha hadi zijae, kisha zinaandika juu ya za zamani. H2testw inajaza nafasi yote kwa data inayojulikana halafu inaisoma tena. Flashi iwe tupu. Ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua saa moja na dakika arobaini hivi kuandika tu, kwa hiyo iachie usiku. Jibu unalolitaka ni "Test finished without errors". Lolote lenye "DATA LOST", irudishe ulikoitoa.

---

Mama_wa_Ritani

Mwenye saiba, pole na kazi. Naongeza ya kaunta.

7-Zip ya kufungua faili za zip weka, haifiki hata MB 2 na ni bure hata kwa biashara, lakini ina mambo mawili. Haijisasishi yenyewe. Hakikisha una 24.09 au jipya zaidi, maana kabla ya hapo kulikuwa na tundu la usalama, lililosajiliwa kama CVE-2025-0411, lililowezesha faili iliyofungwa mara mbili kupoteza alama ya "imetoka intaneti". Jambo la pili linahusu alama hiyo hiyo: 7-Zip kwa kawaida haiipitishi kwa faili inazozifungua. Ingia Tools, Options, tabu ya 7-Zip, na kwenye "Propagate Zone.Id stream" chagua Yes. Kwenye mashine inayofungua viambatisho vya kila mtu, alama hiyo ndiyo inayofanya Office isiendeshe macro (programu ndogo zilizo ndani ya faili) za wageni.

Sasa utaniuliza, na ile fomu ya Excel ya ritani? Nayo ina macro, na nayo imetoka intaneti, kwa hiyo utaona utepe mwekundu unaosema macro zimezuiwa. Dawa si kulegeza usalama wa Excel nzima kama wanavyofanya wengi. Funga faili, bofya kulia, Properties, chini kabisa tia tiki "Unblock", OK. Ni faili hiyo moja tu iliyopakuliwa iTax, basi. Na ile zip inayozalishwa baada ya "Validate" usiifungue kwa 7-Zip wala kuibadilisha chochote, ipakie kama ilivyo.

Hapo lazima uwe na Excel halali angalau kwenye mashine moja. Nne zilizobaki LibreOffice inatosha kwa CV na barua. Ni zaidi ya MB 300, pakua mara moja tu. CV iliyoandikwa kwa Calibri itakaa sawa kwa sababu LibreOffice inakuja na Carlito, fonti yenye vipimo vile vile. Majedwali na visanduku vya maandishi ndivyo vinavyohama. Mteja aone PDF kwenye skrini kabla hujaprinti, ama utaibeba gharama ya karatasi wewe.

Kusoma PDF, SumatraPDF. Kuunganisha kurasa, kukata, kupunguza ukubwa hadi faili ikubalike kwenye mtandao wenye kikomo cha MB, PDF24 Creator ile ya kusakinisha, ambayo inafanya kazi bila intaneti. Msipakie vitambulisho vya watu kwenye tovuti za kubadilisha PDF. Kuskani, NAPS2: weka wasifu wa dpi 200, kijivu, na kurasa kumi za vyeti zinatoka PDF moja inayotumika kwa barua pepe. Dpi 600 ya rangi iachie picha.

Na Downloads. Fungua Settings, System, Storage, Storage Sense, na kwenye Downloads chagua siku 1. Kitambulisho cha mteja wa jana kisionekane na mteja wa leo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachi nje mwenye saiba ndogo.

---

MwenyeSaiba

Asanteni sana wakuu, na asante mama. `hiberfil.sys` na folda za WhatsApp peke yake zimerudisha GB 21 kwenye ile iliyokuwa imejaa. Mashine mbili zilikuwa na wscript, nimezisafisha kwa utaratibu huo.

Kuhusu kuganda, nimeendesha CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski, niliyoona ikitajwa kwenye mjadala mwingine. Mashine ya tano imeandika "Caution" ya njano. 05 ni 000000000000, C5 ni 000000000018, C6 ni 000000000018. Kumi na nane ni nyingi? Pia mashine ya pili, yenye SSD, imeandika "Good 91%" lakini C7 ni 0000000001F4, na hiyo nayo huwa inaganda kidogo. Nifanye chkdsk, ule ukaguzi wa diski wa Windows?

---

BitiNaBaiti

Usifanye chkdsk. Soma kwanza.

Hizo namba ziko kwa mfumo wa kumi na sita. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague "10 [DEC]". 18 yako itasomeka 24, na 1F4 itasomeka 500.

Mashine ya pili: C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi. SSD yenyewe ni nzima, waya wa SATA ndio mshukiwa. Zima, chomoa umeme, badilisha waya au angalau uuchomoe na kuuchomeka upya pande zote mbili. Kumbuka hesabu hii hairudi sifuri kamwe. Andika 500 kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa mashine. Ikibaki pale pale baada ya siku mbili za kazi, umemaliza.

Mashine ya tano ni mgonjwa wa kweli. C5 ni sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa na sasa inazisubirisha. Kuganda kwa dakika nzima ni diski ikirudia kusoma sekta moja tena na tena. 05 kuwa sifuri kusikufariji. Maana yake tu ni kwamba bado haijabadilisha hata moja kwa akiba. `chkdsk /r` itailazimisha isome uso wote, na diski ya namna hii inaweza kufia katikati ya kazi hiyo kabla hujatoa faili zako. Defrag vivyo hivyo.

Chomeka diski ya nje, tuseme E:, na unakili kwanza:

`robocopy C:\Users E:\Nakala /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakala.txt`

Usisahau `/R:1 /W:1`. Bila hizo robocopy inajaribu kila faili iliyogoma mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: karibu mwaka mzima kwa faili moja. `/XJ` inaizuia isizunguke ndani ya viungo vya AppData bila mwisho.

Ikimaliza, nunua SSD na uweke Windows upya; usihamishe diski mbovu nzima nzima kwenye nzuri, utahamisha na faili zilizooza. Tumia Rufus, inayotengeneza flashi ya kusakinisha Windows: flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu chako maana inafutwa yote, kisha chagua GPT na UEFI. Ikifika pa ufunguo chagua "I don't have a product key" na uweke Pro ile ile. Kama ilikuwa imeanzishwa kihalali, leseni inatambuliwa kwa mazabodi ukishaingia mtandaoni.

---

Otis_KE

Na akishafika hapo kwenye Rufus, si aweke Windows 11 moja kwa moja? Kumi iliisha kusaidiwa 14 Oktoba 2025.

---

BitiNaBaiti

Swali zuri. i5 ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Microsoft. Wanaanzia cha nane. Rufus ina tiki ya kuondoa masharti ya usalama ya TPM na Secure Boot, na mashine hiyo itaiendesha kumi na moja bila taabu. Ila Microsoft hawajajifunga kuipa masasisho, na kila toleo la mwaka huenda ukalipandisha kwa mkono kwa flashi ile ile. ESU, yaani masasisho ya nyongeza ya usalama ya Windows 10, ya watu binafsi inafika 13 Oktoba 2026, lakini masharti yake si ya biashara. Ya biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza. Mimi ningeijaribu kumi na moja kwenye hiyo ya tano peke yake, kwa kuwa inawekwa upya hata hivyo, na nijaribu printa na skana kwa wiki moja kabla ya kuzigusa nne zilizobaki. Skana za zamani ndizo zinazokosa draiva.

---

MwenyeSaiba

Robocopy imemaliza. Nimetafuta neno ERROR ndani ya nakala.txt, ziko tatu, zote za cache ya brauza. Waya wa mashine ya pili nimebadilisha, C7 bado inasoma 500 tangu asubuhi. Kesho nashuka Luthuli Avenue mjini kutafuta SSD.